Namba yangu mliipata wapi? Kisa cha mkopo wa simu mwaloni Kibirizi

"Habari. Mwenye namba hii amekuweka wewe kuwa mdhamini wa mkopo wake na sasa hapokei simu. Mwambie alipe leo kabla ya saa kumi jioni. Asipolipa, hatua za kisheria zitakuhusu na wewe. Ni tapeli, usimkopeshe."

Ujumbe huo ulitumwa mchana mmoja wa Julai 2024. Aliyetajwa ni mama anayeuza dagaa mwaloni (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) Kibirizi, hapa Kigoma. Waliotumiwa ni mkwe wake anayeishi Ujiji, mwenyekiti wa kikoba chake, mwalimu wa mwanawe, fundi cherehani, mteja wa Dar es Salaam anayepokea magunia yake, mwenye mtumbwi anayempa mzigo kwa mali kauli (achukue sasa, alipe akishauza), bodaboda wake, na mimi ninayenunua kwake sado moja moja. Waliotumiwa kwa WhatsApp walipata na picha: ile aliyojipiga siku ya kujisajili, kitambulisho cha NIDA mkononi, na maandishi mekundu yamebandikwa kwenye paji la uso.

Jina lake silitaji, la programu pia silitaji, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Ameridhia kisa kiandikwe kwa sharti hilo.

Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Lengo lilikuwa samaki wapate nafasi ya kuzaliana. (Kama miezi mitatu ilikuwa sahihi, na kama watu wa mwaloni waliandaliwa vya kutosha, huo ni mjadala wa siku nyingine, na Kibirizi una wasemaji wengi.) Kwa anayeanika dagaa, kufungwa kwa ziwa maana yake ni chanja tupu. Mama huyu alikuwa na akiba ya magunia machache, akayauza mapema, kisha ada ya shule na kodi ya chumba vikamkuta hana kitu. Kikoba kilikuwa hakijafika zamu ya kukopeshana. Benki hata hakufikiria. Ndipo akaona tangazo Facebook: mkopo kwa dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini.

Aliomba shilingi 100,000. Zikaingia 68,000, nyingine zikawa zimekatwa kama ada ya huduma, na siku ya saba alitakiwa kurudisha 100,000 kamili. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 47 kwa wiki moja. Alipokwama akakopa kwenye programu ya pili ili kulipa ya kwanza, na ya pili ndiyo iliyomuumbua. Nimesikia watu wakimcheka kwa hilo. Wanaocheka wengi wana mshahara wa mwezi.

Haya ya riba ndiyo yanayojadiliwa kila mara mikopo hii inapotajwa, na ndiyo yaliyoipa jina la kausha damu. Nayaacha hapo. Riba, hata ya kinyonyaji, ni jambo kati ya mkopaji na mkopeshaji. Kilichofanya kisa hiki kiwe kisa ni simu za watu wengine.

Programu ilifanya nini hasa

Tangazo la Facebook halikumpeleka kwenye Play Store. Lilimpeleka kwenye ukurasa wenye faili la kupakua moja kwa moja, na simu ikamwonya kwamba faili linatoka mahali pasipojulikana. Akakubali. Akaulizwa kama anaruhusu programu ione orodha yake ya namba. Akagusa Ruhusu. Akaulizwa kuhusu ujumbe mfupi, picha na mahali alipo. Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Kila alipojaribu kukataa, fomu ya mkopo ilikuwa haisogei.

Hatua ya Play Store ina maana yake. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba programu za mikopo ya watu binafsi zilizomo dukani mwao hazitaruhusiwa kusoma orodha ya namba wala picha za mtumiaji, na kanuni hiyo ikaanza kutumika mwisho wa Mei mwaka huohuo. Ni kanuni nzuri, lakini ni ya dukani. Faili linalopakuliwa kutoka kwenye kiungo cha tangazo halipiti mlangoni kwao. Kwa hiyo ukiona mkopeshaji anakukwepesha duka na kukupa faili mkononi, hilo peke yake limeshakueleza anataka nini kwenye simu yako.

Orodha ile ikishasomwa haibaki kwenye simu. Inanakiliwa kwenda kwenye kompyuta za mkopeshaji, huenda nchi nyingine kabisa. Siku ujumbe ulipoanza kuruka, kijana mmoja wa duka la simu alimshauri mama huyu afute programu. Akaifuta, na ujumbe ukaendelea. Kufuta programu, au kuondoa ruhusa baadaye, kunazuia kuchukuliwa kwa mapya tu. Namba za jana zimeshaondoka.

Na namba zenyewe zinasema mengi kuliko tarakimu. Jinsi watu wa hapa wanavyoandika majina kwenye simu, anayesoma orodha anapata ukoo mzima: Baba Mkwe Ujiji, Mwl wa Darasa la Tano, Mwenyekiti Kikoba, Mzee wa Mtumbwi. Mdai hakuhitaji upelelezi wowote kujua ampigie nani kwanza. Alianza na mkwe.

Alichopoteza

Fedha ilikuwa ndogo kuliko hasara nyingine zote. Katika kikoba alikuwa mhazini. Hakuna aliyemwambia ajiuzulu, ila kikao kilichofuata sanduku lilikuwa limewekwa mbele ya mtu mwingine, naye akajiongeza. Mwenye mtumbwi alimtumia salamu kwamba ziwa likifunguliwa ataanza na wanaolipa taslimu. Anayeijua biashara ya dagaa anajua uzito wa salamu hiyo. Mwaloni mtaji wa wengi si fedha, ni mwenye mzigo kukubali kusema "chukua, utaniletea." Mali kauli haina karatasi. Ina jina tu, na jina ndilo lililotumwa kwenye simu za watu likiwa limeandikwa tapeli.

Mkwe ni habari ya pekee yake. Mzee huyo alistaafu reli, mtu wa maneno machache. Alimwita mwanawe, si mkamwana, akamuuliza kwa nini nyumba yake inadaiwa mpaka yeye anatajwa mdhamini. Mume alikuwa hajui lolote kuhusu mkopo. Kilichofuata ndani ya nyumba sikukiuliza.

Alikwenda kituo cha polisi. Akaeleza kwamba anadaiwa na anasumbuliwa, akajibiwa kwamba deni ni suala la madai, aende akaelewane na wanaomdai. Jibu hilo linaudhi, lakini linaeleweka ukiangalia malalamiko yalivyowasilishwa. Alianza na deni, kwa sababu deni ndilo lililomwumiza roho na ndilo alilolionea aibu. Askari akasikia deni. Laiti angeanza na vitisho na kukashifiwa, na kuweka mezani simu tatu za watu watatu wasiokopa chochote, mazungumzo yangekuwa mengine.

Simu hizo lakini zilikuwa zimeshasafishwa. Karibu kila mtu wake wa karibu aliufuta ujumbe ule siku hiyohiyo. Walifanya hivyo kwa heshima, ili kumsitiri, mtoto asije akaishika simu akauona. Mwenyekiti wa kikoba aliniambia aliufuta kabla hata hajamaliza kuusoma. Ni wema, na ni wema uliomwondolea mwenzao ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani, ila lazima ujumbe uwepo. Ukipata kitu kama hicho kuhusu mtu unayemheshimu, usikisambaze, lakini usikifute. Kipige skrinishoti namba na saa vikionekana, umpelekee mwenyewe faragha.

Nani hasa alidhulumiwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni Na. 11 ya mwaka 2022 na ilianza kutumika 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024, miezi mitatu tu kabla ya ujumbe wetu. Sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, zisizidi kinachohitajika, na mwenye taarifa ajue kwamba zinakusanywa na kwa nini. Anayekusanya anatakiwa awe amesajiliwa na Tume.

Watu wengi wakisikia hayo humfikiria mkopaji. Wanasema: lakini si aligusa Ruhusu mwenyewe? Hilo ni swali la haki, na kwa upande wa taarifa zake yeye linaweza kubishaniwa. Unaweza kusema ridhaa ya mtu aliyebanwa na ada ya shule, mbele ya fomu isiyosogea bila ruhusa, si ridhaa kamili. Mwingine atasema ni mtu mzima, alisoma, akakubali. Mimi niko upande wa kwanza, lakini sihitaji kushinda hapo.

Kwa sababu namba yangu si yake. Mkwe hakugusa Ruhusu. Mwalimu wa mtoto hakuona fomu yoyote. Mama huyu alikuwa na haki ya kuwa na namba zetu ili atupigie. Hakuwa na uwezo wa kutukubalia sisi kwamba kampuni tusiyoijua izichukue, izihifadhi na kuzitumia kutupigia kelele. Ridhaa haigawiwi kwa niaba ya ukoo. Na udhamini hauwezi kutokea kwa mtu kuhifadhiwa kwenye simu ya mwenzake. Mdhamini ni mtu aliyekubali kulipa mwingine akishindwa, na kukubali huko ndiko kunakoufanya kuwa mkataba. Maneno "amekuweka mdhamini" yalikuwa uongo mtupu, na aliyeyaandika alijua.

Kwa hiyo waliodhulumiwa katika kisa hiki ni wengi, na wengi wao hawadaiwi hata senti. Kila mmoja ana malalamiko yake mwenyewe, yanayosimama bila kutegemea kama mama wa dagaa alilipa au hakulipa. Hili ndilo jambo ambalo sikulisikia popote wakati wa mijadala, na ndilo lingemtoa mdai jasho. Mkopaji mwenye deni ni rahisi kumnyamazisha. Mstaafu wa reli asiyedaiwa ni kazi.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mimi si shabiki wa sheria hii. Vifungu vyake vingine vimetumika kwa namna inayotia shaka dhidi ya watu waliotoa maoni yao tu. Lakini kama kuna ujumbe uliowahi kuandikwa kwa kipimo cha kifungu cha 23, ni huu. Na mtumaji ana sura: laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo nyuma ya kila namba iliyotutumia kuna kidole cha mtu. Huenda ni kijana aliyeazimisha kitambulisho chake kwa elfu tano. Naye aulizwe.

Kuna atakayesema Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yenyewe ina matundu. Ni kweli. Mei 2024 Mahakama Kuu iliona baadhi ya maneno katika kifungu cha 22 na cha 23 ni mapana kupita kiasi, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuyarekebisha. Hukumu hiyo ilikuwa ya kumlinda mwananchi na maneno yasiyo na mipaka. Sioni mdai wa aina hii akijificha ndani yake.

Hoja ya mkopeshaji

Tumpe nafasi, maana ana hoja. Anamkopesha mtu asiye na hati ya nyumba wala hati ya mshahara, ambaye hajawahi kumwona na anaweza kutupa laini kesho. Atamshika wapi? Tena aibu haikuletwa Kigoma na simu. Kikoba chenyewe kinaishi kwa aibu. Ukichelewesha rejesho, kikao kizima kinakujua. Ukizidisha, wenzako wanakuja mlangoni na wanaweza kuondoka na televisheni. Tunakisifu kikoba na kuilaani programu. Kwa nini?

Tofauti naiona kwa anayejua. Kwenye kikoba, wanaojua deni langu ni walewale waliotia fedha yao, na mimi niliingia nikijua kwamba watajua. Wana haki ya kuuliza. Mwalimu wa mwanangu hakutia kitu. Ukimwambia yeye huongezi uwezekano wa kulipwa kwa njia yoyote isipokuwa kwa kunivunjia maisha. Na mdai huyu alivunja hata maslahi yake: alimpokonya mkopaji mali kauli, ambayo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kupata fedha ya kumlipa. Mkopeshaji wa mwaloni, hata awe mkali namna gani, asingeufanya ujinga huo, kwa sababu yeye anataka hela.

Mkopeshaji mwenye akili angeweza kuomba majina mawili ya wadhamini, akawapigia kabla ya kutoa mkopo, wakakubali au wakakataa. Ni kazi ya dakika chache. Hawafanyi hivyo kwa sababu wakifanya, mkopo wa dakika tano hauwi tena wa dakika tano, na wadhamini wengi wangeuliza kuhusu ile asilimia 47.

Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Novemba mwaka huo ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na kuwaonya wananchi wasizitumie. Mwaloni habari ilipokewa kama mdai amekufa. Watu walipitia orodha wakitafuta jina la programu iliyowatesa.

Nilifurahi kama wengine, lakini nadhani orodha ilituelekeza kutazama leseni wakati kidonda kiko kwenye orodha za namba. Programu iliyotajwa inaweza kurudi wiki ijayo kwa jina jingine na nembo ya rangi nyingine. Namba zilizokusanywa bado ziko kwenye kompyuta zilezile. Na leseni si ruhusa ya kumtumia mkwe wa mtu ujumbe. Mkopeshaji mwenye leseni safi ukutani akifanya kilichofanyika Julai ana kosa lilelile. Kwa hiyo anayeniuliza kama programu ya mama wa dagaa ilikuwemo kwenye ile 69, namjibu kwamba haibadilishi kitu.

Jirani zetu Kenya walilishika jambo hili kwa mkono mwingine. Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kupitia watu wengine na kuwatumia wahusika ujumbe na simu za vitisho. Soma tena sababu ya adhabu: haikuwa riba wala kukosa leseni. Ilikuwa ni namba za watu. Kwetu sheria inaruhusu zaidi ya hapo. Kwa kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria faini inaweza kufika shilingi bilioni tano. Kiwango kipo. Kinachokosekana ni walalamikaji wa kutosha, na walalamikaji hawatatokea kama kila mtu anadhani mlalamikaji halali ni mkopaji peke yake, ambaye amejificha kwa aibu.

Ziwa lilifunguliwa Agosti. Mwenye mtumbwi mmoja, si yule wa zamani, alikubali kumpa mama huyu mzigo mdogo kwa mali kauli, na amekuwa akilipa. Sanduku la kikoba halijarudi kwake. Fedha aliyopokea kwenye programu ile ya pili anasema yuko tayari kuirudisha kwa mtu atakayejitokeza na jina na ofisi. Mpaka sasa kinachojitokeza ni namba mpya kila baada ya muda, zenye sauti za vijana tofauti. Anazihifadhi. Ujumbe anaupeleka 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti ujumbe wa ulaghai, na nakala anabaki nayo.

Mzee wa Ujiji yeye hakuwa amefuta chochote, kwa sababu hajui kufuta. Simu yake ya kitochi ilikuwa bado na ujumbe wote, siku na saa. Tulipokaa naye barazani alisikiliza maelezo ya sheria kwa subira, kisha akauliza swali ambalo mkamwana wake hakuwahi kuliuliza polisi: "Hawa watu namba yangu waliipata wapi?" Nikamwambia hilo ndilo la kuandika mstari wa kwanza. Akataka kujua kama kupeleka malalamiko Tume kunahitaji wakili, nikamjibu hapana, na kwamba si lazima apande treni kwenda Dodoma, yanapokelewa hata kwa mtandao. Kuhusu deni la mkamwana akasema tusiliandike, halimhusu. Barua tuliiandika kwa jina lake peke yake.